Embe la Desemba, Mboga ya Agosti: Kijitabu cha Kaya Kuhusu Kupika na Kuhifadhi Matunda na Mboga za Msimu

Pita sokoni Tanga mwezi wa Desemba, saa kumi na mbili kasoro jioni. Fungu la dodo lililokuwa na maembe matano asubuhi sasa lina manane kwa bei ileile, na kijana anayeuza anakuita kabla hujamtazama. "Shikamoo mama. Beba na haya, nikirudi nayo nyumbani kesho yameoza." Unabeba. Watoto wanakula mpaka midomo inawawasha kwa utomvu, majirani wanagawiwa, na siku ya tatu beseni lililosukumwa chini ya meza linaanza kunuka pombe. Yaliyobaki yanamwagwa shimoni, nzi wanafuata.

Rudi nyumba hiyohiyo mwezi wa Agosti. Embe hakuna; lililopo limetoka mbali na linauzwa mojamoja kama yai. Dodoma ni zaidi ya hapo: mvua ilikatika zamani, na mchicha unaopatikana ni wa bustani ya kumwagilia, vishina vichache vilivyofungwa kwa ugwe. Mama anapika ugali na maharage leo, ugali na dagaa kesho, na mboga ya majani inasubiri siku yenye hela.

Kijitabu hiki kinahusu njia ya kutoka Desemba mpaka Agosti. Kimeandikwa kwa mwenye jiko la mkaa, sufuria mbili na ungo. Mambo ya biashara hayamo: ukitaka kuuza jemu au embe kavu, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakufundishe usindikaji, na TBS, shirika la viwango, wakueleze masharti, maana chakula cha kuuza kina sheria zake. Hapa tunazungumzia kabati lako na watoto wako.

KANUNI YA KABATI

Chakula huoza kwa sababu vijidudu na ukungu navyo vinakula. Vinahitaji maji, na vingi vinahitaji chakula kisicho kichachu sana na joto kama hili letu. Kiondolee chakula maji, havikui. Kitie uchachu mkali, vingi vinashindwa. Kiweke kwenye baridi, vinalala. Chumvi nyingi na sukari nyingi hufanya kazi inayofanana na ukavu, kwa sababu zinayashika maji vijidudu visiyapate.

Basi chakula cha kukaa kiwe kikavu, au kichachu, au cha baridi. Kisicho kikavu wala kichachu hakifungwi chupani kikawekwa kabatini, hata kama kimechemshwa kutwa nzima. Sababu iko mbele, kwenye sehemu ya chupa. Msomaji mwenye haraka anaweza kuruka sehemu nyingine yoyote ya kijitabu hiki, lakini ile asiiruke.

ANZA KWA KULA

Msimu ukifurika, hifadhi ya kwanza ni tumbo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Ukigawa, ni viganja vitano vya gramu 80 kimoja, na viazi, mihogo na ndizi za kupika havihesabiwi humo kwa kuwa ni vyakula vya wanga. Kaya nyingi hazifiki huko hata wakati mchicha unauzwa bei ya kutupa. Sababu mara nyingi ni mazoea: mboga kwetu ni kitoweo cha kusukumia ugali, kijiko kimoja pembeni ya mlima mweupe. Mlima ukipungua kidogo na kijiko kikawa vitatu, tayari umefanya kazi ya afya bila kununua dawa.

Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa. Ukikata kwanza kisha ukaosha, vitamini C na vitamini nyingine zinazoyeyuka majini zinakwenda na maji ya beseni. Badilisha maji mara mbili au tatu mpaka mchanga usionekane chini. Halafu kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia majani pamoja na maji yaliyobaki juu yake, funika. Mchicha mchanga unaiva kwa dakika tano hivi. Matembele yanataka kidogo zaidi. Mboga iliyopikwa mpaka ikawa nyeusi imekwisha kazi kabla haijafika sahanini.

Mafuta yana sababu yake. Vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani, kwenye boga na kwenye embe lenyewe inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Tui la nazi la Pwani na karanga zilizotwangwa za Singida zinafanya kazi hiyohiyo. Mboga ikishaiva, kamulia ndimu. Uchachu wake wenye vitamini C unausaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, jambo kubwa kwa mjamzito na kwa mtoto mwenye upungufu wa damu. Chai inafanya kinyume, kwa hiyo birika lisubiri kama saa moja baada ya kula. Tunajua ushauri huu haupendwi.

Magadi ni ugomvi mwingine. Kwa wengi mlenda bila magadi si mlenda, na hatuna nia ya kwenda kumwambia bibi wa Kigogo namna ya kupika mlenda wake. Lakini magadi, hata soda ya kupikia, huharibu vitamini C na vitamini B1. Tia kidogo mno, na pika kwa muda mfupi.

Kisamvu kina taratibu zake. Majani ya muhogo yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi, na sumu hiyo inapungua kwa kutwanga na kuchemsha. Twanga mpaka yalainike kabisa, yaache kidogo kinuni, kisha chemsha bila kufunika sufuria ili mvuke uondoke nayo. Yakishaiva ndipo utie nazi au karanga. Ile habari ya kufunika, hapa haitumiki.

Kuna na hifadhi isiyotaka moto wala jua. Boga lililokomaa, lenye kikonyo chake na ngozi isiyo na jeraha, linakaa miezi miwili hata mitatu kwenye kichanja kikavu chenye hewa. Vitunguu vilivyokaushwa shingo vinakaa vizuri kwenye kikapu kilichoning'inizwa. Embe lililokomaa ambalo bado ni bichi unalivundika ndani ya majani makavu au gunia, nawe unaamua yapi yaive leo na yapi wiki ijayo. Usiyavundike yote siku moja, maana yataiva yote siku moja.

KUKAUSHA: UPEPO NA KIVULI

Waliotangulia hawakuhitaji kijitabu kwa jambo hili. Dodoma mlenda hukaushwa wakati wa mvua ukaliwa kiangazi chote. Usukumani wana nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na viazi vitamu vya namna mbili: michembe, inayokatwa ikiwa mibichi na kuanikwa, na matobolwa, yanayochemshwa kwanza. Mtoto wa Shinyanga aliyehamia Dar es Salaam akiletewa kifurushi cha matobolwa kutoka nyumbani hakigawi ovyo.

Tunachoongeza hapa ni mambo machache ambayo siku hizi yanajulikana vizuri zaidi. La kwanza ni kivuli. Jua la moja kwa moja huunguza vitamini A ya majani. Utaliona kwa rangi, kijani kikigeuka kahawia. Mboga ya majani ianikwe penye joto na upepo lakini chini ya kivuli, au ifunikwe kwa kitambaa cheusi chepesi. La pili ni kuyapitisha majani kwenye maji yanayochemka kabla ya kuyaanika. Chemsha maji mengi, weka majani kwenye chujio au kitambaa safi, yatose kwa dakika mbili mpaka tatu, kisha yatie mara moja kwenye maji baridi safi na uyachuje. Kuchovya huko kunasimamisha ile kazi ya ndani inayolipotezea jani rangi na ladha hata likiwa kavu. Unapoteza vitamini kidogo majini, unaokoa nyingi zaidi kwa miezi inayofuata.

Usishangae mavuno yakisinyaa. Mchicha ni maji karibu sehemu 90 kati ya 100. Beseni zima linaingia kwenye kopo, na kilo kumi za majani mabichi zinakupa kilo moja hivi ya makavu.

Embe linataka uangalifu zaidi, kwa kuwa lina sukari na nzi wanalijua. Chagua lililoiva lakini bado gumu kidogo; lililolegea linageuka uji juu ya kichanja. Boribo na dodo hukatika vizuri. Sindano lina nyuzi, lile watoto walinyonye. Ukikata, tazama karibu na kokwa. Mwaka 2003 aina ngeni ya nzi wa matunda ilionekana mara ya kwanza kwenye pwani ya Kenya, ikaenea haraka, na tangu hapo wale funza weupe ndani ya embe linalong'aa kwa nje wamekuwa jambo la kawaida. Embe lenye funza lisianikwe, na lisitupwe kwenye jalala la wazi. Lifukie chini kabisa, au ulifunge ndani ya mfuko likae juani mpaka funza wafe, usije ukafuga nzi wa mwaka ujao.

Osha maembe yakiwa mazima, nawa mikono kwa sabuni, menya, kata vipande vyenye unene wa penseli, vyote sawa. Changanya kikombe kimoja cha maji ya ndimu na kikombe kimoja cha maji safi, loweka vipande kwa dakika kumi, chuja. Rangi itabaki nzuri na uchachu unasaidia kuzuia vijidudu. Panga kwenye kichanja bila kugusana. Kichanja kiwe juu, usawa wa kiuno, na kila mguu wake usimame ndani ya kopo la maji ili sisimizi wasipande. Juu yake tandaza neti safi ya madirisha au kitambaa cha shashi.

Neti ya kitandani usiitumie. Vyandarua vinavyogawiwa kwa ajili ya malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haitakiwi kugusana na embe la mtoto. Hata kikiwa kizee na kimetoboka, kisifunike chakula.

Dodoma au Singida kwenye hewa kavu, vipande vinakauka kwa siku mbili mpaka nne. Tanga, Pemba na Mombasa ni kesi nyingine: msimu wa embe unaangukia wakati wa hewa nzito, na mvua za vuli huenda hazijaisha. Ndiyo maana Pwani inafaa kujitengenezea kikaushio cha jua. Ni sanduku la mbao lenye miguu, limepakwa rangi nyeusi ndani, juu lina karatasi angavu ya nailoni iliyoinama, na lina matundu yenye neti chini upande wa mbele na juu upande wa nyuma. Hewa ya ndani inapata joto, inapanda na kutokea juu, na mpya inavutwa kutoka chini. Sanduku lisilo na matundu linachemsha matunda tu, halikaushi. Usiku vyote viingizwe ndani kwa sababu ya umande, na wingu likitanda siku mbili mfululizo, acha ubahili: pika jemu.

Embe limekauka ukikikunja kipande kisikatike wala kisinate vidoleni, na ukikiminya lisitoke tone. Majani yamekauka yakipukutika mkononi kama majani ya chai. Kabla ya kufunga, yaache yapoe kabisa. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa maembe kikaushioni saa nane mchana, nikayafunga kwenye kopo palepale yakiwa na joto, nikajisifu kwa majirani. Joto lile lilitoa jasho ndani ya kopo. Wiki ya pili nilipofungua, kifuniko kilikuwa na manyoya ya kijani, na kazi ya siku tatu ikaenda shimoni. Siku hizi nayapoza kwanza ndani ya nyumba chini ya kitambaa, kisha nayatia kwenye chupa ya kioo na kuitikisa kila siku kwa wiki moja. Nikiona ukungu wa mvuke kwenye kioo, yanarudi kikaushioni.

Chakula kikavu kilichoota kuvu hakikatwi upande mbaya ukala mzuri. Baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu, ambayo haionekani, haina ladha na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi. Mboga na matunda makavu hayana historia mbaya kama ya mahindi na karanga, lakini hiyo si sababu ya kujaribu bahati.

Kuyatumia ni rahisi. Majani makavu loweka nusu saa kwenye maji safi, pika na maji hayohayo, tia karanga. Yaliyosagwa yakawa unga, kijiko kimoja kinachanganywa kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, uji ukiwa bado unatokota. Embe kavu lipeleke shuleni badala ya pipi, lakini mtoto mdogo mkatie vipande vidogo asikabwe.

UCHACHU: ACHARI, JEMU NA NYANYA

Neno achari lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na biashara, na kuanzia Lamu hadi Unguja hakuna anayelihesabu kuwa geni. Achari ya embe bichi ndiyo dawa ya maembe yanayoangushwa na upepo kabla ya wakati. Kata kilo moja ya embe bichi, changanya na vijiko vitano vya mezani vya chumvi, acha usiku mmoja, mwaga maji yaliyotoka. Anika vipande kwa siku moja mpaka visinyae. Chemsha vikombe viwili vya siki yenye nguvu ya asilimia 5 (imeandikwa kwenye chupa, isiyoandikwa iache dukani) pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na bizari, na sukari ukipenda. Tia vipande vitokote dakika kumi, jaza moto kwenye chupa safi ya moto, siki ifunike vipande vyote. Siki na ndimu hula aluminiamu, kwa hiyo achari isilale kwenye sufuria ya kawaida: ihifadhi kwenye kioo. Mwiko uwe mkavu kila unapochota.

Achari ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo hata ya mchuzi. Mwenye presha aonje tu.

Jemu ni sukari, tuseme wazi. Kilo moja ya nyama ya embe au nanasi, gramu 750 za sukari, maji ya ndimu tatu. Koroga moto wa wastani mpaka tone lake kwenye sahani baridi likunjamane ukilisukuma kwa kidole. Kupunguza sukari kunapunguza uwezo wa jemu kukaa, kwa hiyo isiyo tamu sana ikae frijini. Ni njia nzuri ya kuokoa tunda, ila haichukui nafasi ya tunda, na mwenye kisukari haimfai. Shirika lilelile linashauri sukari ya kuongezwa, ya asali na ya juisi isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula kwa siku.

Nyanya ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mtu aliyepita Ilula kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa wakati wa msimu anajua maana ya tenga la nyanya kukosa mnunuzi. Tatizo ni kwamba nyanya iko mpakani. Inaonekana chachu, lakini zilizoiva sana na baadhi ya aina hazina uchachu wa kutosha kukaa chupani salama. Lazima uongeze.

Chagua nyanya ngumu, zisizooza. Zitose dakika moja kwenye maji yanayochemka, kisha kwenye maji baridi, ngozi itachubuka yenyewe. Kata, ponda, chemsha ukikoroga mpaka zitokote vizuri kwa dakika tano au zaidi. Usitie kitunguu, karoti wala hoho, kwa sababu vinapunguza uchachu. Hivyo utaviunga siku ya kupika. Chupa za kioo za nusu lita zioshwe na zichemshwe. Katika kila chupa weka kwanza vijiko viwili vya mezani vya siki ya asilimia 5, kisha jaza nyanya za moto ukiacha nafasi ya upana wa kidole juu. Futa mdomo wa chupa, funga kwa kifuniko kizima kisicho na kutu. Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, simamisha chupa, maji ya moto yazifunike kabisa mpaka juu ya vifuniko, na yachemke dakika 35 bila kukatika. Hizo ni dakika za Pwani. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo Mbeya, Iringa na Lushoto zichemke dakika 45.

Toa, ziache zipoe usiku kucha mahali pasipo na upepo. Asubuhi bonyeza katikati ya kifuniko. Kilichozama na hakichezi kimefunga. Kinachobonyea na kurudi kwa mlio hakikufunga: chupa hiyo iende frijini, iliwe ndani ya siku chache. Vifuniko vya kurudia hufeli mara nyingi, na huo ni ukweli wa kuishi nao.

CHUPA INAYOUA

Hapa ndipo tulipoahidi kufika. Kuna bakteria aishiye udongoni kila mahali, kwenye mizizi na majani ya mboga zote. Mbegu zake ni ngumu kiasi kwamba maji yanayochemka hayaziui hata kwa saa kadhaa. Zikiwa hewani hazina madhara. Lakini zikifungiwa mahali pasipo na hewa, penye maji na pasipo uchachu, zinaamka na kutengeneza sumu kali kupita karibu zote zinazojulikana. Ugonjwa wake unaitwa botulizimu. Chupa ya mchicha, maharage mabichi, bamia, karoti au mahindi iliyochemshwa nyumbani na kufungwa ndiyo makao yake kamili. Viwandani huua mbegu hizo kwa joto la nyuzi 121 hivi ndani ya mitambo yenye mgandamizo. Sufuria ya presha ya maharage hapa nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hiyo, hata muuzaji akuambie nini.

Kwa hiyo mboga zisizo chachu zikaushwe, au zigandishwe, au zitiwe siki kama achari. Kitunguu saumu au pilipili mbichi zilizozamishwa kwenye mafuta ni hatari ileile, kwa kuwa mafuta huzuia hewa. Ukitengeneza, weka frijini na umalize ndani ya siku nne. Na kwa sababu mbegu hizohizo zinaweza kuwa ndani ya asali, mtoto asiyetimiza mwaka asilambishwe asali, hata kwa kikohozi.

Dalili huanza mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya kula: kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, ulimi mzito, kushindwa kumeza, kisha udhaifu unaoshuka kuelekea mikononi na miguuni. Mara nyingi homa haipo. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo, wala usimpe kitu cha kunywa kama hamezi vizuri. Waeleze alichokula, na chakula kilichobaki kifungeni mwende nacho bila mtu kukionja.

FRIJI, KAMA IPO

Nyanya zilizopondwa, embe lililosagwa, majani yaliyochovywa maji ya moto na kukamuliwa: vyote vinaganda vizuri kwenye vifurushi vya pishi moja. Umeme wa LUKU ukiisha usiku, usifungue mlango wa friza kila mtu apitapo kuangalia. Friza iliyojaa hubaki imeganda siku mbili hivi ikiwa imefungwa, iliyojaa nusu siku moja. Kilichoyeyuka kikiwa bado baridi kipikwe kiliwe siku hiyo, kisigandishwe tena; kilichopata joto kitupwe.

KABATINI

Kila chupa na kila kopo viandikwe kilichomo na tarehe. Kalamu ya wino mzito na kipande cha plasta vinatosha. Weka penye giza, pakavu, mbali na jiko. Juu ya jiko ndipo wengi huweka, na ndipo pabaya kuliko pote. Usitumie dumu lililowahi kuwa na dawa ya shambani au mafuta ya taa, hata ukilisugua kwa mchanga mara saba. Mboga kavu zimalizike kabla ya msimu wake kurudi.

Chupa yenye kifuniko kilichovimba, inayotoa povu au mvuke ukifungua, au yenye harufu usiyoielewa, isionjwe hata kwa ncha ya ulimi. Ujue pia kwamba sumu ya botulizimu mara nyingi haina harufu, kwa hiyo pua haitakuokoa kama siki ilisahaulika. Ifunge hivyohivyo kwenye mfuko, itupe shimoni mbali na kuku na mbwa, kisha nawa mikono na uoshe meza kwa sabuni na maji yenye dawa ya klorini. Nyanya za chupa, hata ukiamini ulifuata kila hatua, zichemshwe dakika kumi kabla hazijaliwa, na nyanda za juu kumi na tano.